Siku Wasomaji Wangu Walipohamishwa

Binti mmoja alikuja ofisini kwetu Garsen akiwa na kompyuta mkobani na chupa ya maji baridi mkononi, na kabla hajaketi nilikuwa nimeshamkasirikia. Hakuwa amenikosea chochote. Mwenyekiti wa chama alikuwa amemleta awahamishe wasomaji wangu, na hilo lilinitosha.

Nasema wangu kwa sababu mimi ndiye niliyewakusanya. Chama chetu kina wakulima wa kando ya mto na wafugaji wa nyikani, na kila mwezi nilikuwa nikiwaandikia barua pepe watoto wa huku wanaoishi mbali. Mto umepanda au umeshuka, mahindi ya kijiji cha Hewani yamefikia wapi, ng'ombe wanateremkia upande gani kunywa maji. Anwani zao nilizipata mojamoja, harusini, matangani, hata kwenye foleni ya benki. Mtu akija likizo nilimganda mpaka aniandikie anwani yake kwenye simu.

Barua yenyewe haikuwa na jina langu. Huku kwetu ukitaja jina tu watu wameshajua kama wewe ni wa jembe au wa ng'ombe, na nusu yao wanaacha kukuamini papo hapo. Kwa hiyo niliwaambia wanachama kwamba mwisho wa barua nitaandika "Mwandishi, Garsen," basi. Walinipigia makofi. Nilitoka mkutanoni siku hiyo nikijiona nina akili kuwashinda wote.

Sasa kampuni ya mtandaoni iliyokuwa ikitusambazia barua hizo ikapandisha ada, tukaamua kuhamia nyingine. Nilisema naweza kuifanya kazi hiyo mwenyewe. Mwenyekiti, mfugaji mzee asiye na maneno mengi, alinitazama kwa huruma iliyoniuma kuliko tusi.

"Wewe kazi yako andika," akasema. "Hii ya mashine wacha huyu nafanya."

Huyu alikuwa wa Tarasaa, amesomea mambo hayo chuoni Mombasa. Aliniita anti tangu salamu ya kwanza. Ni kweli umri wangu unaruhusu, lakini hakuna aliyemtuma anikumbushe.

Nilivuta kiti nyuma yake nikamwangalia. Aliipakua orodha nzima kutoka kwa kampuni ya zamani ikawa faili moja, watu wangu wote wamejipanga kwenye safu: anwani, jina, kijiji. Akawatenga waliokuwa wameomba kujiondoa, wasije wakaanza kusumbuliwa upya huko tuendako. Hapo nilikuwa nikimvizia asahau. Nilitamani asahau, watu wachache wakasirike, mwenyekiti aone. Hakusahau.

"Anti, hii safu ya mwisho nayo tuende nayo?"

Safu ya mwisho ilikuwa ya maelezo yangu. Kila mtu nilikuwa nimeandika ninachokijua juu yake. Huyu ng'ombe wake wako kwa kaka yake, mtajie malisho. Huyu mama yake bado yuko Hewani, usimguse kwa habari za mafuriko. Na mzee mmoja wa Kau, ambaye sasa anakaa kwa binti yake Mombasa: macho mabovu, husomewa na mjukuu, anataka mto kabla ya kitu kingine chochote.

Mzee huyo sijawahi kuonana naye uso kwa uso. Lakini kila barua yangu aliijibu, na kila jibu lake lilianza na neno "Mwanangu." Tangu baba yangu afariki hakuna mtu mwingine aliyeniita hivyo. Wengine wote binti angeweza kwenda nao anakotaka. Huyu nilitaka abaki wangu.

Binti alisoma maelezo yale akacheka, kisha akaacha kucheka akaendelea kusoma.

"Hii ni noma, anti. Kumbe unawajua watu wako hivi."

Ningeweza kumwambia safu ile ibaki tulikotoka, ila sikuwa na sababu ambayo ningethubutu kuitamka. Akabonyeza. Miaka yangu yote ya kudodosa watu ikahamia upande wa pili kabla chai yangu haijapoa.

Mwenyekiti naye akaona kwa kuwa binti ndiye anayeijua kampuni mpya, basi barua ya kwanza aiandike yeye. Nilimwonea wivu kwa vidole vyake visivyotafuta herufi, na kwa jinsi mwenyekiti asiyemsogezea mtu kitu alivyomgeuzia feni.

Barua ilipotoka niliisoma nikitafuta makosa. Nilipata koma moja mahali pabaya, nikashikilia hiyo koma asubuhi nzima. Ilianza na mto. Maji yamerudi kwenye kingo zake, mitumbwi inavuka, upande wa chini matope bado ni ya magotini. Zangu zilianza na kikao cha kamati, kwa sababu kamati hupenda kujiona juu.

Majibu yakaanza kuingia. Nilijifanya napanga magazeti ya zamani, lakini masikio yalikuwa kwake. Alikuwa akisoma moja baada ya jingine kwa sauti, bila nia mbaya, mpaka akafika la mzee wa Kau.

"Mwanangu," akasoma, "barua yako nimesomewa, kisha nikataka nisomewe tena. Mwasema mmehamia kampuni mpya; naona sasa wanisikiliza. Zamani ulikuwa waanza na mikutano, nami hulala kabla sijafika mtoni. Sasa waandika vizuri. Shika hapo hapo, mwanangu."

Binti akaigeuza kompyuta inielekee.

"Anti, huyu ni wako. Mjibu wewe."

Hakukuwa na kebehi yoyote usoni mwake, na hilo ndilo lililonimaliza. Nikaketi. Nikaandika "Baba," nikafuta, nikaandika tena. Nikimwambia aliyemwandikia ni mtu mwingine, atauliza ni nani, na ni mimi mwenyewe niliyetunga sharti kwamba majina hatutaji. Basi nikaamua nizichukue sifa zile kama zangu. Niliandika asante. Nikaandika kwamba nimefurahi. Kisha nikataka kumpa habari za mto kama anavyopenda, nikaona vidole vyangu vimeandika kwamba Jumanne kamati ilikutana.

Nilifuta yote nikasimama, nikamwachia kiti.

"Jibu wewe," nikamwambia. "Anayeitwa mwanangu hapo ni wewe."

Akajibu, na akajibu vizuri. Nilimchukia mpaka tulipofunga ofisi.