Mshono wa Paa

Watu wa parokia walimwita Babu Zege, na jina hilo alilipenda kuliko lile la ubatizo. Kati ya mafundi wote waliojenga kanisa lile alibaki yeye peke yake, na hakukubali mtu asahau hilo. Ukithubutu kumsalimia asubuhi akiwa anafagia, umejitakia mwenyewe: utasimuliwa tangu siku ya kuchimba msingi, na huku unachelewa kazini.

Kwa hiyo paroko alipotaka kijitabu cha historia kwa ajili ya jubilei ya miaka hamsini, hakuhangaika. Alimwambia mzee asimulie, na binti yake, mwalimu na mwanakwaya, aandike. Jumapili angekuja askofu, na kanisa lingejaa mpaka milangoni.

Walikaa sakristia, chumba cha mavazi ya padri, Alhamisi alasiri, kabla ya mazoezi ya kwaya. Binti alikaa mezani, mzee juu ya kasha la mishumaa. Mfukoni mwa koti alikuwa na kipande cha zege cha ukubwa wa kiganja, chenye kutu upande mmoja. Alikiokota asubuhi ile ndani ya kanisa.

"Anza na ramani, Baba," binti alisema.

Alianza vizuri. Alisimulia jinsi padri mgeni alivyoleta mchoro ambao hakuna fundi aliyewahi kuona mfano wake: kanisa lisilo na nguzo hata moja, mabenchi yameizunguka altare, kuta za matofali ya matundu yaliyozibwa kwa vioo vya rangi, na juu yake paa la zege la unene wa vidole vinne tu, limekunjwakunjwa kama karatasi. Wazee waliuliza kama hilo ni kanisa au ghala. Mafundi wenyewe waliapa kwamba mbao za kulishikilia zikitolewa tu, litakuja chini. Siku mbao zilipotolewa, padri alisimama katikati peke yake, mikono nyuma, na paa halikutikisika. Binti alicheka huku akiandika.

"Haya, siku ya kumwaga zege la paa."

Babu Zege akaingiza mkono mfukoni. Kwa kawaida hapo ndipo alipotia chumvi kuliko kwingine kote.

"Zege la paa kama lile halikatishwi," alisema. "Ukianza asubuhi unakwenda nalo mpaka mwisho. Msimamizi alituambia, tukaitikia, akaenda kufuata saruji. Saa sita kengele ikalia."

Ilikuwa kengele ya Malaika wa Bwana. Wote walikuwa Wakristo wapya, na kila adhuhuri waliweka vifaa chini wakasali. Siku ile padri alifurahi mno kuwaona wamepiga magoti kule juu, akapanda ngazi kuwabariki. Baraka ikafuatwa na rozari, rozari ikafuatwa na nyimbo, na hakuna fundi aliyekuwa na ubavu wa kumwambia padri asali kwa kifupi. Jua lilikuwa kali. Waliporudi kwenye makarai, zege la asubuhi lilikuwa limeshakauka. Wakamwaga jipya kando yake, nalo halikushikana, ukabaki mshono katikati. Wakaupaka lipu kabla msimamizi hajarudi, wakaapa kutosema.

"Mshono ukaanza kuvuja mwaka wa tatu. Kila mwaka kabla ya Pasaka napanda, naziba ufa, napaka chokaa. Wenzangu wamekufa mmoja mmoja, siri imebaki na mimi." Akatoa kile kipande, akakiweka mezani. "Chuma cha ndani kimeoza, mwanangu. Jumapili watu wasiingie."

Binti alikigeuza mkononi. "Kimeanguka wapi?"

"Benchi la sauti ya kwanza."

Binti akaweka kalamu chini. Aliimba sauti ya kwanza tangu akiwa na miaka kumi na sita, na akiwa na ishirini baba yake alimwandama wiki nzima: sauti yako nzito, hamia ya pili, kule upande wa mlango. Alilia siku mbili, kisha akahama. Sasa ilikuwa imepita miaka kumi na minane.

"Sauti yangu haikuwa nzito," alisema.

"Haikuwa."

"Ulikuwa unanitoa chini ya ufa."

"Wewe ni mwanangu. Ningefanyaje?"

"Na wale uliowaacha pale, Baba, wao ni watoto wa nani?"

Babu Zege, ambaye hakuna swali la kanisa lile lililowahi kumshinda, alifungua funguo za kanisa kiunoni, akaziweka mezani. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Binti alizichukua, akatoka. Wanakwaya walikuwa wameshaanza kufika, na mzee alizisikia sauti zao uani, kisha mlango mkubwa ukifungwa.

"Mbona unatufungia?" mmoja aliuliza.

"Baba yumo sakristia," binti alijibu. "Atawaeleza mwenyewe."

Babu Zege akakichukua kile kipande, akainuka kutoka kwenye kasha.