Dole Gumba la Shangazi Rasmiya

Shangazi yangu Rasmiya hakuolewa, na watu wa kijiji chetu cha Deir Sumaq walikuwa na maneno yao kuhusu hilo. Waseme, mdomo ni mali yao. Ninachojua mimi ni kwamba mizeituni mia na kumi ya babu aliipogoa na kuichuma yeye kwa miaka thelathini na minane. Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu wa hesabu. Msumeno wa kupogolea hata kuushika hakujua.

Lakini hati ya shamba ilikuwa na jina la baba. Babu alipokufa, watu wangali wanakunywa kahawa chungu ya matanga, wazee wa ukoo walimletea Shangazi karatasi ya kumwachia kaka yake fungu lake, na kidau cha wino. Dini ilimpa fungu lake, ila kwetu dada anayedai fungu kwa kaka yake huambiwa hana haya. Akabonyeza dole gumba, akapewa kitambaa cha gauni.

"Na kitambaa chenyewe kilichuja nilipokifua mara ya kwanza," alizoea kusema, akicheka. Mimi sikuwahi kucheka.

Kisha wenye jeshi linaloikalia nchi yetu wakajenga ukuta wao. Kwetu ulikuwa uzio mrefu wa nyaya, mtaro na barabara ya askari, ukapita katikati ya nyumba zetu na mizeituni yetu. Majaji wa dunia kule Hague wakasema umejengwa juu ya ardhi iliyokaliwa kimabavu, hauna uhalali, ubomolewe. Tukagawiana peremende barabarani, wajinga sisi. Uzio haukusogea hata shubiri.

Ndipo Wakili Hatim akaja kukusanya hati, apeleke kesi kwenye mahakama kuu ya wenye uzio wenyewe, huko kwenye mji mtakatifu wa Quds. Shangazi alivaa gauni lake la darizi, akakaa mbele ya wanaume wote.

"Jina lako halimo humu, mama," Hatim akamwambia. "Yamo ya watoto wa marehemu kaka yako, huyu binti na nduguye aliye Chile."

"Kaiulize miti, inanijua."

"Mahakama haiulizi miti, mama yangu."

Kesi ilikula miaka minne. Hukumu ikatoka: upande wa machimbo ya mawe uzio usogezwe, upande wetu ubaki, na wenye ardhi wapewe vibali vya kupita langoni msimu wa mavuno. Mimi nikapata kibali. Shangazi akanyimwa mara tatu. Nilitaka kumwandikia miti yangu yote, wallahi, aichukue! Afisa wa vibali akasema hati iliyoandikwa baada ya uzio haitambui.

"Njia ni moja tu," Hatim akasema, macho chini. "Mwandike kibarua wako."

"Thubutu!" nikamfokea. "Kibarua kwenye shamba la baba yake? Mimi nitaficha wapi uso wangu?" Shangazi alikuwa anachambua dengu.

Basi nikaenda peke yangu. Nilichukua fimbo nikaicharaza mizeituni, zeituni zikamwagika, nikajiona hodari. Kumbe machipukizi ya mwaka ujao nayo yalikuwa yanakatika. Shangazi alisimama ng'ambo ya uzio akipiga kelele mpaka sauti ikamkauka.

"Unaiua! We binti, unaiua! Zichume kwa vidole, kama unakama mbuzi! Nani kakutuma na fimbo?"

Mwaka uliofuata matawi yale hayakuzaa kitu. Shangazi akaja kwangu asubuhi, hata salamu hakutoa, akaunyoosha mkono wake wa kulia.

"Lete hiyo karatasi ya kibarua."

"Shangazi, tusubiri. Hatim anakata rufaa nyingine."

"Rufaa haipogoi mti. Lete wino."

Akabonyeza dole gumba kwa mara ya pili maishani mwake. Safari hii karatasi niliishika mimi.

Mwezi wa kumi tukafika langoni pamoja. Askari, kijana mdogo tu, akaangalia kibali changu, kisha akamgeukia Shangazi. "Na wewe ni nani?"

Nikafungua mdomo, akaniwahi. "Kibarua."

Siku nzima alizunguka akishika majeraha ya fimbo yangu, mti baada ya mti, akiuita kila mmoja kwa jina aliloupa. Alikama kwa vidole vyote kumi, zeituni zikidondoka kwenye turubai. Niliona haya mpaka nikashindwa kula mkate niliobeba.

Saa kumi askari akapiga honi, lango linafungwa. Shangazi alikuwa bado juu ya ngazi.

"Shangazi, twende."

"Ngoja nimalizie tawi hili."

"Watatufungia, Shangazi. Shuka, twende!"

Mkono wake ukasimama tawini. Akashuka polepole, akajifuta viganja kwenye gauni, akainamisha kichwa mbele yangu. Mbele yangu mimi, niliyefunzwa naye kutembea.

"Samahani, binti yangu. Ukisema twende, tunakwenda. Shamba ni lako."

Hakuwa anatania.