Kisiki Nilichokiacha Shimoni

Nimechoka. Nasema mapema asije mtu akadhani naandika kwa raha. Magoti yanauma, mgongo nao una yake, na leo asubuhi nimetoka tena kumwagilia miche mipya ninayojua itakufa. Mchwa wa huku Goweko hawana adabu. Nimepanda misimu mitatu, na misimu yote mitatu wameila. Lakini siachi, kwa sababu msitu wa shamba hili niliumaliza mimi kwa mikono yangu, na sitaki kufa kabla sijaona mti wa asili umesimama humu tena.

Ujanani nilisifika kwa kung'oa visiki. Wenzangu walikata miti wakapanda tumbaku katikati ya visiki, mimi nikaona huo ni uchafu. Nilichimba kwa sururu mpaka mizizini, nikachoma kilichobaki, na magogo yote yakaishia kwenye bani kukaushia tumbaku. Watu wakitoka stesheni walipita makusudi kuliangalia shamba langu. Jembe la ng'ombe lilikwenda toka mwanzo hadi mwisho bila kugonga kitu. Nilivimba kichwa, sikatai.

Shamba la jirani lilikuwa la dada yangu, mjane. Hakuwa na nguvu za kung'oa wala mtu wa kumchimbia, kwa hiyo alilima akizunguka visiki, na kila mwaka akafyeka machipukizi kwa panga. Nilimsema sana. Nilimwambia anautia aibu ukoo mzima. Yeye alikuwa akijibu tu, "Mdogo wangu, kisiki hakiniombi chakula."

Basi udongo ukachoka, kwangu na kwake, tumbaku ikawa inatoka majani ya kusikitisha, tukaacha kulima. Kwake visiki vyote vilikuwa hai. Aliporudisha panga ndani tu, machipukizi yakapanda, yakawa miti. Nyuki wamerudi, na masika wake za watu wanakwenda kuokota uyoga humo. Kwangu kumeota nyasi, na kila kiangazi moto unapita. Usafi wangu umenitokea puani.

Mwaka huu, miche ya msimu wa tatu ilipokufa, nilikwenda kwake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja kuangalia uvivu wangu?"

Alicheka mpaka akakohoa. Nikamwacha amalize, ni haki yake. Kisha akasema, "Mti ukiukata, unarudi wenyewe. Wewe uling'oa, ndiyo maana sasa unabembelezana na mchwa. Kazunguke shamba lako. Hakuna mtu anayemaliza visiki vyote, lazima kipo ulichokisahau. Ukikipata, chagua chipukizi moja lenye nguvu, mengine kata."

Sikuwa nimesahau chochote. Kilikuwapo kimoja nilichokiacha.

Kipo kule pembeni, inakopita njia ya zamani ya wapagazi. Siku ile nilikuwa ndani ya shimo, nachimba kisiki cha myombo, jirani akaja mbio kuniita. Mtoto wetu wa kwanza, wa kike, wa miaka minne, alikuwa ameshikwa na degedege. Niliacha sururu shimoni. Hatukufika naye hospitali. Tulipomzika sikurudi tena pembe ile. Vibarua ndio waliolima kule na kufyeka, na tulipoacha tumbaku hata mguu wangu haukukanyaga. Mimi na mke wangu hatukumzungumzia mtoto tena. Tulipata wengine, tukawalea, wakaenda zao mijini.

Nilikwenda kule peke yangu, polepole, moyo mzito. Kisiki kilikuwa hai. Machipukizi manne, matano, yamenipita kichwa, yana majani mekundu kama kawaida ya myombo mvua ikikaribia. Moto haukuyagusa, kwa sababu kote kuzunguka nyasi zilikuwa zimepaliwa kwa jembe, duara pana, safi. Nikasema moyoni, hii ni kazi ya dada tu.

Jioni nilimsimulia mke wangu. Alikuwa akichambua maharage. Hakuinua uso.

"Ni mimi," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu tulipoacha tumbaku. Kila kiangazi, kabla watu hawajachoma nyasi."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe kule huendi."

Nililia. Mzee mzima, nimekaa kwenye kigoda, nalia mbele ya sinia la maharage. Niliona aibu kwa miaka yote niliyomwachia peke yake jambo hili. Yeye aliendelea kuchambua, akanisubiri nimalize.

Kesho yake tulikwenda wote wawili na panga. Nilishindwa kuchagua. Mimi niliyeng'oa msitu mzima nilisimama pale nikivihesabu na kuvihesabu tena vijiti vitano. Mke wangu akanipokonya panga, akakata manne, akaacha moja lililonyooka. Akasimama kando yake, akalishika, akaangalia juu linapoishia.

"Angekuwa amenipita," akasema.

Nikamjibu kwamba kumpita yeye si kazi, kwao wote ni wafupi, mtoto angefuata urefu wa kwetu. Akanipiga begani na kipini cha panga, akacheka, na macho yake yamejaa machozi. Tangu tumzike, hiyo ndiyo mara ya kwanza tuliyomzungumzia.