Nilivyowapunguza Akina Mama wa Makere

Niliwapunguza akina mama wa Makere mpaka wakawa kama punje za maharage, ukutani, mbele ya kikao kizima kule Kibondo.

Mimi ni fundi kompyuta hapa Kasulu, fundi wa kujiita, maana shule niliiachia kidato cha pili. Dada Rehema, nesi wa Makere na rafiki yangu, aliniletea slaidi zenye picha za akina mama hao, za kuomba tenki la maji la zahanati kwa watu wa mradi wa maji. Picha zilikuwa nzito, barua pepe ikagoma.

"Kaka, lipunguze hilo faili liende."

"Hiyo kazi ndogo, dada."

Nikashika kila picha kwenye kona, nikaibana ikawa ndogo kwenye slaidi. Kwa akili zangu, picha ndogo ni mzigo mwepesi. Faili likabaki zito vilevile. Nikalaumu mtandao, nikaliweka kwenye flashi, nikapanda naye gari hadi kikaoni Kibondo.

Projekta ikawaka. Ukuta mweupe, katikati vidoa.

"Hawa ni sisimizi?" mgeni mmoja wa mradi wa maji akauliza, wenzake wakacheka.

Dada Rehema akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Sogeeni tu karibu, jamani," Dada Rehema akawaambia taratibu.

Wageni wakaacha viti, wakainama ukutani. Akawaonyesha mmoja mmoja kwa jina: huyu alijifungua tukiwa hatuna hata tone, huyu alibeba ndoo na mimba yake. Hakuna aliyecheka tena.

Tulipotoka nje akanishika bega.

"Tenki tumepewa, kaka. Ila picha za harusi yangu usiziguse."