Furushi la Mama Mbele ya Mgambo

Mimi ni binti wa Issa na Asumini, niliyezaliwa kwa Wayao, ng'ambo ya Mto Ruvuma. Andika hivyo kwanza, mjukuu wangu, wala usipambe.

Umeniarifu kuwa unakwenda kusomea jinsi serikali inavyowalinda watu wake. Darasa sijaliona, lakini ulinzi huo ulinipokea nikiwa mtoto, basi sikiliza.

Haijanitoka siku ile mimi na mama tulipoingia kijiji cha Mpitimbi, upande huu wa mto, tukikimbia vita iliyokwisha kumuua baba. Mgambo mmoja kijana alitusimamisha njiani, akaamuru furushi la mama lifunguliwe. Mama, asiyejua Kiswahili, alilikumbatia tu. Ndani yake mlikuwa na kanzu ya marehemu baba na nguo za ndani za mama mwenyewe, na kwetu mjane hafunui vitu hivyo mbele ya wanaume. Kijana yule akauona ukimya kuwa hatia. Akasema turudishwe mtoni mchana uleule. Huko nyuma kulikuwa na risasi, mwanangu.

Ndipo akaja balozi wa nyumba kumi, Mngoni Mkatoliki, mzee wa maneno machache.

"Unalinda kijiji au unalinda fimbo yako?" akamuuliza mgambo.

"Shikamoo, balozi. Je, kama amebeba silaha?"

"Atapekuliwa. Lakini si na wewe, wala si barabarani."

Akamwita mkewe, naye akaingia na mama ndani, akalipekua furushi lote hadi pindo la mwisho. Silaha haikuwamo. Tukapewa ugali, na kesho yake balozi akatupeleka mwenyewe wilayani tukaandikishwa kuwa wakimbizi. Hatukurudishwa. Nimeolewa, nimezaa na nimezeekea katika nchi hii, nami naishukuru kila nipigapo magoti kuswali.

Mgambo simlaumu kwa kuuliza. Tahadhari kabla ya hatari. Alikosea namna ya kuuliza. Mwanangu, mlinzi asiye na staha huwafundisha watu kumficha mambo, na kijiji kinachomficha mlinzi wake hakina ulinzi tena. Kwa hiyo uliza, pekua, andikisha, usisinzie. Ila kabla ya kuandika amri yoyote, fikiri itamfikaje mjane asiyejua lugha yako.

Mwenyezi Mungu akupe jicho kali na mkono mpole.

Karatasi hii itunze. Na kila likizo, palilia kaburi la balozi yule pale Mpitimbi. Hakuacha mtoto, sisi ndio watu wake.