Kamanda wa Jumamosi Mchana

Kaka yangu ana miaka arobaini na mmoja, anachonga funguo, na kila Jumamosi saa nane mchana ni kamanda wa watu kumi na tisa. Msicheke. Mimi nimeshacheka kwa niaba ya ukoo mzima, na nimekoma.

Kibanda chake kina upana wa mlango mmoja na nusu. Ndani kuna mashine ya kuchongea, tupa tatu, na ukuta uliojaa funguo ambazo hazijachongwa, zimetundikwa kwenye misumari. Mteja anatoa ufunguo wake, kaka anautazama, anachukua mwingine ukutani, mashine inalia, chenga za shaba zinamwagika mezani, kazi kwisha. Hakuna anayehitaji kuongea. Kazi hiyo aliichagua mwenyewe, kwa sababu ana kigugumizi, tena si kile cha kukwama kidogo na kuendelea. Kinamkaba. Neno linafika kwenye meno linagoma kutoka, na aliye mbele yake anaona haya mpaka anatamani aondoke. Nyumbani tunamwita Kimya tangu yuko shule ya msingi.

Mimi niko mapokezi kwenye zahanati, kazi yangu kuita wagonjwa, na mdomo wangu hauna breki. Kaka akianza sentensi, mimi naimaliza. Nimefanya hivyo tangu nina miaka sita, na nilijiona msaada mkubwa.

Basi, huo ukamanda wake ni wa gemu. Linachezwa mtandaoni, na kila mtu huko ana umbo lake: huyu askari mwenye ngao, yule mpiga mishale, mwingine tabibu wa kutibu wenzake vita vikiendelea. Peke yako hufiki popote, kwa hiyo watu wanaunda vikosi. Wa kikosi cha kaka wote wanaongea Kiswahili, kila mmoja na lafudhi yake, na hawajawahi kuonana uso kwa uso. Nilidhani wanavutwa na yale madude yanayong'aa wanayookota, mapanga sijui na kofia za dhahabu. Wapo wa hivyo kweli, wanakuja wiki mbili wanapotea. Lakini hawa wana miaka mitano. Kuna tabibu mmoja kofia yake ni ileile tangu nimjue, na Jumamosi hakosi. Asipofika yeye, wengine wote hawawezi kuingia vitani. Nadhani anajua hivyo, ndiyo maana anafika.

Na anayepanga yote ni kaka. Anaandika amri upesi kuliko mimi ninavyoropoka, na kwenye maandishi hana kigugumizi. Huko wanamwita Kamanda, bila utani. Nimesoma mwenyewe nikiwa nimesimama nyuma yake: "Kamanda, tusimame wapi?" Hapa nyumbani hajawahi kuulizwa hata kochi likae wapi.

Mwaka huu wakakutana na dubwana jipya. Lina miguu sita na linageuka ghafla. Ukishusha macho usome amri, umekwisha. Wiki sita mfululizo likawafagia. Mpiga mishale, dada mmoja ambaye ni msaidizi wa kaka, akaandika kwamba sasa amri zitolewe kwa sauti, na asiyeweza kuongea aachie uongozi. Hakuwa na ubaya, hakujua tu. Wote wakakubali.

Kaka hakula siku mbili. Mama, ambaye tunaishi naye, akamshika paji la uso kutafuta homa, hakuiona. Siku ya tatu kaka akanifuata jikoni na karatasi: "Uwe sauti yangu. Nikinyang'anywa kikosi, sina kingine." Nikaisoma mara mbili. Iliniuma, siwafichi.

Jumamosi ikafika. Mama amelala chumbani kwake, mimi nimevaa hedifoni, kaka kando yangu na daftari la amri: kushoto, kulia, tabibu mbele, wote nyuma. Anaweka kidole, mimi natangaza kwa ile sauti ya kuita wagonjwa. "Wenye ngao, kushoto!" Wanaenda. Wee, raha iliyoje! Wakawa wananiita Kamanda, na mimi naitika bila aibu. Dubwana likabaki na uhai kidogo sana.

Hapo likabadilika. Likainua miguu ya mbele, jambo ambalo hatujawahi kuliona. Kwenye daftari hapakuwa na amri yake. Kaka akafungua mdomo, "Li... li...", neno likakwama, na mimi, kama kawaida yangu, nikammalizia: "Rudini nyuma wote!"

Wakarudi. Likawaangukia huko huko nyuma. Ishirini, chali.

Kaka akajishika kichwa. Kwenye hedifoni, tabibu akauliza, "Nani aliyekuwa anaanza kusema hapo?"

Ningeweza kudanganya. Nikasema, "Ni kaka yangu. Kamanda wenu ni yeye. Ana kigugumizi, mimi namsemea tu."

Kaka alinitazama kwa macho ambayo sitaki kuyaona tena. Akanyoosha mkono kuzima kompyuta.

"Kamanda," akasema mpiga mishale, "ulitaka kusema nini?"

Mkono ukasimama. Nikamvalisha hedifoni, nikageuza upande mmoja nje nami nisikie. Akaanza. Neno likakwama. Mimi ulimi ukaniwasha. "Anataka kusema kwamba—"

"Dada, tafadhali," akasema tabibu. "Mwache."

Nikanyamaza. Wote wakanyamaza. Nikasikia bomba la mtu likichuruzika huko aliko, na mtoto wa mtu mwingine akiomba maji. Miaka kumi na moja niko mapokezi, sijawahi kuona watu wakimsubiri mtu bila hata mmoja kuguna.

"Li... likiinuka," akasema kaka, "ingieni chini ya tu... tu... tumbo."

"Sawa, Kamanda," akasema mpiga mishale. "Tuambie na mengine mapema, tutaingia tukiwa tunayajua. Tunarudia."

Kaka akanigeukia, akanionyesha mlango kwa kidevu. Nikatoka.

Dubwana halikufa siku ile. Nilikuwa jikoni nakatakata vitunguu, na kaka anaongea tu, anakwama, anaendelea, saa nzima, ya pili ikaanza. Mama akaamka, akaja amefunga kanga vibaya, akasimama kwenye korido akitega sikio.

"Kuna mgeni?"

"Hapana, mama. Ni kaka huyo."

"Kaka yupi?" akaniuliza. Na mtoto wa kiume anaye mmoja tu.