Baba Anafurahi kwa Kirusi, na Mama Nimemdanganya Maana Yake

Assalamu alaykum. Jina langu lifiche, admin, kwa sababu huku Maskati sisi wenye asili ya Unguja tunajuana nyumba kwa nyumba. Mimi ni mwanamke wa miaka arubaini na moja, nna mume na watoto watatu, nakaa Ansab na nafanya kazi serikalini. Wazazi wangu wako Amerat. Kila nikitoka kazini huwapitia, na wiki tatu hizi nikifika mlangoni pao husimama kwanza kabla ya kubisha.

Baba anakaribia miaka themanini. Ujanani, kabla ya kuja Oman na kabla ya kumuoa mama, alisomea uhandisi Urusi. Maisha yangu yote hakutusimulia kitu cha huko zaidi ya baridi na mkate mweusi. Miezi miwili nyuma alipata kiharusi. Aliporudi kutoka hospitali Kiswahili kilikuwa kimempotea, Kiarabu kimebaki cha sala tu, na badala yake ikaja sentensi moja ya Kirusi. Huisema mama akimfungulia pazia, huisema akilishwa uji, na uso wote unachangamka: "Ya tak rada, shto ti virnulsya."

Mama akawa kila siku ananiuliza babaako anasema nini. Nikamrikodi kwa simu, nikamsikilizisha mama mmoja wa Kirusi ambaye mtoto wake anasoma na binti yangu. Tulikuwa nje ya skuli tunasubiri watoto. Alisikiliza mara tatu, akacheka. Akaniambia maana yake ni "nimefurahi sana kwamba umerudi," ila kuna kitu. Kwa Kirusi mwanamume akifurahi husema rad. Mwanamke ndiye anayesema rada. Tena anayeambiwa amerudi ni mwanamume.

"Haya si maneno yake," akasema. "Aliambiwa na mwanamke. Anayarudia kama alivyoyasikia."

Nilikaa garini watoto wanagombana nyuma, nikashindwa hata kuwasha. Kuna mwanamke alimfurahia baba yangu namna ile, zaidi ya miaka hamsini iliyopita, na katika maneno yote aliyowahi kuyajua, hayo ndiyo yaliyombakia.

Mama aliponiuliza nilimwambia anasema amefurahi kurudi nyumbani kwake. Alikaa kitandani, akajifuta macho kwa mtandio. Tangu siku ile amejifundisha yale maneno. Sasa yeye ndiye anayemwambia baba, asubuhi na jioni, "Ya tak rada," na baba anamshika mkono anaubusu, jambo ambalo tangu nizaliwe sijapata kuliona. Mama ana miaka sabini na amerudi kupaka wanja. Amewafundisha wajukuu, na dada zake walioko Unguja amewapelekea sauti.

Juzi alikuwa anamkata baba kucha, akaniuliza bila kuniangalia kama nna hakika ndiyo maana yake. Nikasema ndiyo. Akamaliza kidole kimoja, akasema, "Miaka arubaini na sita, mwanangu. Mbona hajapata kuniambia kwa Kiswahili?"

Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Sasa Ijumaa hii, baada ya sala, anakuja kula rafiki yake baba kutoka Qurayyat, aliyesoma naye huko huko Urusi. Kirusi anakijua, na pengine hata huyo mwanamke alimjua. Ni mzee asiyeficha neno. Mama anapika biriani na ameshasema lazima amuulize yeye habari za maneno hayo. Nikimpigia mzee simu kumuomba anyamaze, huenda nikamtolea siri ya baba yangu ambayo huyo mzee haijui. Nikimwambia mama kabla, namnyang'anya furaha ambayo ameingoja maisha yake yote. Nikinyamaza, ataujua ukweli mbele ya mgeni na atajua pia kwamba mimi nilijua.

Mume wangu anasema baba hakumkosea mtu, yalikuwa kabla ya mama. Hilo nalijua. Aliyekosea ni mimi, niliyempa mama mapenzi ya mtu mwengine nikamwambia ni yake. Lakini kila nikimuona baba anavyoubusu ule mkono, hata hilo la kwamba si ya mama nashindwa kuliamini sawasawa.

Leo Jumatano. Nishaurini ndugu zangu, hasa nyinyi wanawake mlioolewa siku nyingi. Mungekuwa mama, mungetaka kuambiwa?